Chumvi Chini ya Kiti

Alhamisi ile Mundhir alipoleta magari mawili uani kwa Mzee Asheri, mimi nilikuwa nimebakiza siku moja tu niwe mke wa mtu mwingine. Nilikwenda kazini kama siku zote. Nilifagia vipande vya leza, ile ngozi bandia ya viti, nikatia cherehani mafuta, nikakaa kwenye kigoda changu. Sikuwa na huzuni. Watu hudhani msichana katika hali ile hulia mpaka macho yakavimba. Mimi sikulia hata mara moja. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa, unaugusa na kuona kama si wako.

Asubuhi ile nilijichoma sindano kubwa ya kushonea viti vya magari, ikaingia kidoleni hadi karibu na mfupa. Niliitazama damu ikitoka. Nikafunga kitambaa, nikaendelea kushona.

Wiki tatu nyuma Baba Mkubwa Jumbe, aliyenilea tangu wazazi wangu walipofariki, aliniita sebuleni. Aliniambia Badru wa Pangani, mfanyabiashara wa nazi, ameleta posa. Alimsifu kwa mengi na yote yalikuwa kweli, kwa sababu Badru si mtu mbaya. Kisha akaniuliza nasemaje. Nilitaka kusema kitu. Niliutazama mkeka, nikahesabu mistari myekundu, na nilipofika wa tisa nikasikia Mama Mkubwa Tausi akisema, "Kanyamaza." Baba Mkubwa akasema alhamdulillahi. Jirani akapiga vigelegele. Kwetu mwari akiulizwa habari ya ndoa akanyamaza, basi amekubali, na mimi nilikuwa nimenyamaza maisha yangu yote. Shuleni nilinyamaza mpaka nikaacha darasa la tano, na mwalimu hakugundua mpaka wiki ya pili.

Mundhir yeye alikuwa fundi wa injini, gereji yake barabara ya kumi na tano, mtaa mmoja tu kutoka kwetu Ngamiani. Kazaliwa Wete, kakulia Tanga kwa shangazi yake. Miaka miwili alikuwa akileta viti nimshonee. Hakuwa na maneno mengi kwangu, maana alijua maneno mengi hunifukuza. Ila nilipokuwa ndani ya gari nashona sehemu ya nyuma, yeye aliingia mbele akajifanya anatazama dashibodi, kisha akakigeuza kioo cha ndani taratibu mpaka macho yake yakakutana na yangu. Tulikuwa tunatazamana hivyo, ndani ya kioo kidogo, mpaka mmoja wetu apate haya. Aghlabu ni mimi. Siku nyingine aliniachia kipande cha halua juu ya cherehani, kimefungwa vizuri, bila kusema ni cha nani.

Nilimngoja alete posa. Hakuleta. Mama yake alikuwa ametuma maneno kutoka Pemba kwamba hataki mkwe anayeshinda gereji na wanaume, na Baba Mkubwa naye alikuwa amesema barazani, mbele ya watu, kwamba hatampa binti fundi anayetengeneza magari ya wenzake na kurudi kwake kwa miguu. Watu walicheka, na Baba Mkubwa mwenyewe alicheka. Ilikuwa mzaha wa kahawa. Mundhir alikuwapo, akauchukua mzaha ule kama sharti.

Basi alikuwa akitafuta gari, na hakulitafuta la kwendea sokoni. Mwezi wa kumi na mbili kulikuwa na mashindano ya mbio Pongwe, kwenye barabara za mashamba ya mkonge, ya kukimbia mmoja mmoja huku saa ikihesabu. Mundhir alitaka kununua Subaru Impreza, aifungue yote, aijenge upya kwa mikono yake, akimbie nayo. Alikuwa amepata mbili. Moja ya mwaka 2003, ya buluu iliyopauka, ilikuwa ya mwalimu mmoja wa Mwera. Nyingine ya mwaka 2006, nyeupe, inang'aa, ililetwa na dalali aitwaye Massoud. Pale uani tuliziita Ya Tatu na Ya Sita.

Massoud alikuwa amekaa kwenye kivuli cha turubai, simu sikioni, akirudia kwa sauti kwamba kuna mteja wa Korogwe anaingoja Ya Sita na kwamba yeye hawezi kuvuka alasiri bila jibu. Alisema gari limetoka Arusha na halijawahi kuiona bahari.

Mzee Asheri, mwenye karakana, Mbondei wa Muheza, mtu wa utani tangu asubuhi mpaka anapofunga mlango, alizizunguka zote mbili mikono nyuma.

"Ya Tatu ina uso wa mtu aliyeamshwa usingizini," alisema. "Ya Sita ina uso wa mtu anayekwenda kuposa."

Kisha akanikumbuka. Akakohoa, akaenda kutafuta spana ambayo ilikuwa mfukoni mwake.

Mundhir hakucheka. Nilijua basi kwamba ameshaambiwa. Alikuwa amevaa shati safi, sijui kwa nini niliona shati kwanza. Alinisalimia, akaniomba nitoe viti vya mbele vya magari yote mawili nipime, kwa sababu kiti cha mbio kinataka kushonwa kwa mwili wa mtu. Nikaitikia kwa kichwa. Akaeleza mbele ya Mzee Asheri, lakini nilihisi ananieleza mimi. Ya Tatu ni nyepesi, kila fundi wa Tanga anaijua, nyaya zake ni chache, lakini nguvu yake ndogo, kwa hiyo akiichukua itabidi aitoe kila kitu ndani, abakize kiti kimoja cha dereva na chuma. Itakuwa ya mbio tu. Ya Sita ina breki pana na giaboksi ngumu, inaweza kubeba uzito wake ikakimbia vilevile.

"Ya Sita naweza kuiachia viti viwili," alisema. "Jumamosi iwe ya mbio, siku nyingine iwe ya nyumbani."

Mzee Asheri akamwambia kwamba kama ni hivyo hakuna la kufikiri, achukue Ya Sita, aache kututia joto. Mundhir akasema anangoja vipimo.

Nilianza na Ya Tatu. Nililegeza nati, nikakitoa kiti, nikainua kapeti. Chini kulikuwa na vumbi jekundu la Mwera, maganda ya karanga, kibanio cha nywele cha mtoto, nyuzi za mkonge. Sponji ya kiti ilikuwa imechoka lakini kavu, ukiibonyeza inarudi. Pete za waya zinazoshika kitambaa zilikuwa na rangi yake ile ile ya kiwandani. Nilipima, nikaandika namba ukutani kwa chaki, maana namba najua kuziandika vizuri.

Nikaenda Ya Sita. Ndani mlinukia manukato ya gari, mengi kupita kiasi. Kava za viti mpya. Kapeti mpya. Nilikitoa kiti cha abiria, nikakilaza mapajani, nikakifungua kwa chini kama ninavyofanya kila siku.

Pete zilikuwa nyekundu kwa kutu. Nyingine zilikatika nilipozigusa. Kwenye sponji palikuwa na mstari, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, juu yake sponji nyeupe na chini yake ya rangi ya chai. Nikaibonyeza. Haikurudi. Ilikuwa ngumu, na kwenye vidole vyangu vikabaki vitu vidogo vyeupe. Nikaviweka ulimini.

Mwaka juzi nilishona mito ya boti moja ya wageni pale Pangani, nikaijua sponji iliyoingia maji ya bahari. Ya mvua hukauka ikasahau. Ya bahari haikauki, hata ukiianika mwezi. Niliingiza mkono zaidi chini ya reli ya kiti nikatoa mchanga na kome mmoja mdogo wa baharini, ganda lake zima.

Gari lile lilikuwa limezama. Si kulowa, kuzama. Baadaye tuliambiwa lilikuwa la mtu wa Mkwaja aliyekuwa akipita ufukweni maji yakipwa, siku moja maji yakamkuta njiani.

Nilikaa pale sakafuni mwa gari na kome mkononi. Nilitakiwa kusimama nimwite Mundhir. Sikusimama. Nilikuwa nakitazama kile kiti, kiti cha pembeni, na nilikuwa nafikiri juu ya viti viwili.

Mlango wa dereva ukafunguka, Mundhir akaingia akakaa. Hakugeuka. Alinyoosha mkono akakigeuza kioo cha ndani, taratibu, kama zamani, mpaka macho yake yakanifikia kule chini nilikokaa.

"Nimesikia," akasema.

Nikatazama chini.

"Nimesikia leo asubuhi. Watu wote mtaani walijua ila mimi. Nilikuwa nangoja gari, Mwatima. Nilisema siji kwa mzee Jumbe kwa miguu."

Nje Massoud alikuwa anamwambia mtu wa kwenye simu kwamba liko tayari, liko tayari kabisa.

"Sitakuuliza habari ya Pangani," akasema. "Wewe ni mwari wa watu na umeshaulizwa na wakubwa wako. Mimi nnakuuliza gari tu. Nichukue ipi? Kama Ya Tatu, nitaitoa viti vyote, nitakimbia peke yangu, nami nitakuwa nimeelewa. Kama Ya Sita, kiti hicho ulichokipakata hakitoki. Nitakiacha, na leo hii baada ya alasiri nitakuja kwenu, hata kama nitatolewa na ufagio."

Nilizidi kuutazama ule mstari wa sponji. Yeye alikijua kimya changu kuliko mtu yeyote, akatabasamu kidogo ndani ya kioo, akajaribu kunirahisishia.

"Usijisumbue kusema," akasema. "Ukinyamaza, nitajua umekubali. Nitachukua hii."

Nilisikia sauti ya Mama Mkubwa ikisema kanyamaza. Niliiona ile mistari myekundu ya mkeka. Na ajabu ni kwamba safari hii kimya kilikuwa upande wangu. Sikutakiwa kufanya kitu. Ningeendelea kutazama sakafu, ningehesabu mpaka tisa, na mwanaume niliyemtaka angekuja kwetu ndani ya gari jeupe, na kiti changu kingekuwa pembeni yake. Nilijiona nimekaa humo, vioo vimefunguliwa, tunaelekea Pangani kusubiri kivuko, mtandio wangu umeingia mlangoni. Niliona yote hayo na bado sikuhisi kitu, nilikuwa kama natazama picha ya mtu mwingine ukutani.

Halafu nikaona na nyaya. Mimi si fundi wa injini, lakini nimekaa ndani ya magari mengi. Maji ya bahari hayali gari siku ile ile. Hukaa kwenye nyaya yakatafuna taratibu, na siku moja taa huzima, usukani ukawa mgumu, breki zikasahau kazi yake. Kwa mtu wa kwenda sokoni ni hasara. Kwa mtu anayekimbia kwenye vumbi la mkonge, kona baada ya kona, ni jeneza.

Nilihesabu. Nilifika saba.

"Imezama," nikasema.

Aligeuka mzima mzima. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza anisikie bila kuinamisha sikio.

"Nini imezama?"

"Hii. Ya Sita. Imezama baharini." Nikamnyooshea kome. "Chukua Ya Tatu."

Alimtazama yule kome, akaitazama sponji, akaupitisha mkono kwenye ule mstari. Yeye ni fundi, hakuhitaji kuelezwa. Lakini hakushuka garini. Alibaki amekaa, mkono juu ya sponji, karibu na mkono wangu, haugusi.

"Ya Tatu ina kiti kimoja, Mwatima," akasema polepole.

"Najua."

"Umenielewa nilivyosema?"

"Nimekuelewa. Chukua Ya Tatu."

Alinitazama sana. Kisha akakirudisha kioo mahali pake, akashuka.

Nje hapakuwa na kelele. Mundhir alimwekea Massoud yule kome kwenye kiganja na kumwuliza kama Arusha siku hizi wana pwani. Massoud aliapa kwa jina la mama yake, kisha akaapa kwa jina la baba yake, kisha akasema maji yalifika magotini tu. Mzee Asheri akamwuliza magotini mwa nani. Massoud akaondoka na Ya Sita yake kabla ya adhuhuri, kiti cha abiria kimefungwa kwa nati mbili badala ya nne, na hatukusikia tena habari ya mteja wa Korogwe.

Mundhir akachukua Ya Tatu. Mwalimu wa Mwera alipigiwa simu, wakakubaliana, wakashikana mikono kwa maneno. Kisha Mundhir akavua shati lake safi, akabaki na fulana, akaanza kuifungua gari pale pale uani. Alitoa viti vya nyuma. Alitoa kapeti. Alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Kilipobaki kiti cha abiria alisimama, akanipa spana.

"Kitoe wewe," akasema.

Nikakitoa. Nati nne. Ya mwisho ilikuwa na kutu kidogo, nikaikazania mpaka kitambaa cha kidoleni kikafunguka. Nilikibeba kiti hadi kwenye kibanda changu, nikakiweka pembeni ya taka, maana nilidhani ndivyo anavyotaka. Aliniona.

"Usikitupe," akasema kwa mbali, hakunitazama. "Kishone. Kikae tu."

Mzee Asheri alikuwa ameegemea mlango. Alinitazama mimi, akamtazama yeye, akatikisa kichwa.

"Binti, kumbe sauti unayo," akaniambia. "Miaka miwili nimefanya kazi na mtu nikidhani ni bubu, napiga soga na cherehani."

Nilikunja futi yangu, nikavaa mtandio, nikaenda nyumbani. Njiani nilisikia adhana ya alasiri kutoka misikiti mitatu, mmoja ukianza kabla mwingine haujamaliza. Bado nilikuwa na ladha ya chumvi mdomoni. Nilikuwa nimekunywa maji mara mbili na haikutoka.

Nyumbani kulikuwa na viatu vingi mlangoni. Mama Mkubwa alinivuta ndani haraka, akanikemea kwamba nanuka gundi siku kama ile, akanifunika kanga mpya, akanikalisha chumbani nyuma ya pazia. Sebuleni walikuwa Baba Mkubwa na mashahidi wawili, Maalim Suleimani na Mzee Zubeiri jirani. Walikuja kuchukua idhini yangu, ili kesho baada ya sala ya Ijumaa ndoa ifungwe msikitini. Mama Mkubwa aliniambia kwa kunong'ona kwamba nisiogope, hakuna la kufanya, nikae tu kama nilivyokaa siku ile.

Baba Mkubwa alisogea karibu na pazia. Nikaona vidole vya miguu yake chini ya kitambaa. Sauti yake ilikuwa ya upole. Ananipenda, na mimi nalijua hilo.

"Mwanangu Mwatima," akasema, "nimekuja na mashahidi. Umeniidhinisha nikuozeshe kwa Badru bin Salehe, kwa mahari tuliyokubaliana?"

Nikautazama mkeka. Ulikuwa ule ule, wameuhamishia chumbani ili sebuleni wageni wapate nafasi. Nikaanza kuhesabu bila kukusudia. Moja, mbili, tatu. Nilimsikia Mzee Zubeiri akikohoa kwa adabu. Nne, tano. Nikafikiri kile kiti cha Ya Tatu pembeni ya cherehani, nimekifunika nailoni kisipate vumbi. Nikafikiri kwamba Mundhir alikwisha kuelewa vibaya, na kwamba labda hatakuja, na kwamba hata asipokuja jambo hili la Badru liko pale pale. Sita, saba.

"Amenyamaza," Maalim Suleimani akasema kwa furaha. "Basi, alhamdulillahi, hiyo ndiyo idhini ya..."

"Sijajibu," nikasema.

Mama Mkubwa alinishika bega.

"Nani kasema?" akauliza Mzee Zubeiri.

"Mimi, babu. Nimenyamaza tu. Sijajibu."

Vile vidole vya Baba Mkubwa chini ya pazia vilikunjika, vikakunjuka. Nilidhani atapiga kelele, lakini alipozungumza sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyegundua leo kwamba kuna mlango nyumbani kwake hajawahi kuufungua.

"Na siku ile?" akauliza.

"Siku ile pia sikujibu, Baba Mkubwa."

"Basi jibu sasa, mwanangu. Tunasikia."

Nilifungua mdomo. Ladha ya chumvi ilikuwa bado ipo.

"Hapana," nikasema. "Badru hana kosa lolote. Mumwombe radhi kwa ajili yangu. Lakini hapana."

Mama Mkubwa aliliachia bega langu, akakaa kitandani, pembe ya kanga yangu mpya mkononi mwake. Nilimsikia Maalim akivuta viatu vyake mlangoni. Nilibaki nimekaa pale pale kwenye mkeka, nikautazama mkono wangu juu ya paja, na kidole nilichojichoma asubuhi kikaanza kuuma.